Unataka kurudi Windows 7 kwa ajili ya faragha? Nisikilize kwanza

Kuna watu wananiambia wanataka kurudi Windows 7 maana "ile haikuwa inatuchunguza", na mi nawaelewa kabisa kwa sababu nilikuwa hukohuko. Apdeti za usalama za Windows 7 zilisimama tarehe 14 Januari 2020, mi nikaendelea nayo karibu miaka miwili mingine, najiambia laptopu inawaka haraka, kila kitu najua kilipo, hakuna anayenidai akaunti ndo nifungue kompyuta yangu mwenyewe, sasa nihame ya nini.

Halafu siku moja nikachomeka flashi ya mtu ninakili faili mbili tatu tu, kesho yake folda zote zimegeuka shotikati, na baada ya siku chache imeili yangu ikawa inawatumia watu ujumbe ambao sijauandika. Paswedi zote zilikuwa zimehifadhiwa kwenye brauza. Nilibadilisha moja moja usiku kucha, na ndo nikaelewa kwamba faragha niliyokuwa naisifia haikuwepo, mwizi akishaingia ndani anachukua vingi kuliko kampuni yoyote itakavyokusanya.

Shida ya mfumo uliostaafu ni kwamba tundu la usalama likizibwa kwenye toleo jipya, wahalifu wanasoma kilichozibwa halafu wanaenda kulijaribu tundu hilohilo kwenye la zamani, na huko halizibwi tena. Mnakumbuka WannaCry, kile kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai pesa, Mei 2017? Dawa yake ilishatoka Machi mwaka huohuo, walioumia ni mashine ambazo hazikuwa zimeapdetiwa, nyingi zikiwa Windows 7. Na hiyo ilikuwa bado inapata apdeti, je sasa hivi? Na kitu wengi hawakijui, mwaka 2015 apdeti za kukusanya taarifa za matumizi zilipelekwa pia kwenye Windows 7 na 8.1, kwa hiyo hata ule usafi wake tunaouhadithia haukuwa kamili.

Ila sisemi mifumo mipya haina shida, ina shida na inaniudhi kweli. Windows 10 na 11 za kawaida huwezi kuzima kabisa taarifa zinazotumwa, unazipunguza tu. Ile Recall iliyotangazwa Mei 2024, ya kupiga picha skrini yako kila baada ya muda mfupi, watu walilalamika mpaka ikaahirishwa, ilipotoka 2025 ikawa haiwaki mpaka wewe mwenyewe uiwashe. Yani kelele zetu zinasaidia jamani, tusinyamaze.

Ninachofanya mi sasa, nikipiga Windows mpya sibonyezi kubali kubali ili nimalize haraka, nasoma kila ukurasa na nazima ruhusa ya kujua mahali nilipo, taarifa za hiari na kile kitambulisho cha matangazo. Nikimaliza naingia setingi sehemu ya faragha, naangalia programu gani zina ruhusa ya kamera na maikrofoni, na hapo huwa nakuta zisizohitaji kabisa. Alafu usisahau OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, angalia kama haipakii folda zako mtandaoni bila wewe kujua, hii imewashtua wengi. Nusu saa tu inatosha.

Kama mashine yako ni ya zamani na Windows 11 inaikataa (inataka TPM 2.0, chipu ya usalama ndani ya kompyuta), ujue Windows 10 nayo ilifika mwisho wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, basi jaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Unaiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, unaona kama waifai na sauti vinafanya kazi, ndo uamue. Haidai akaunti na ukiwa na ramu GB 4 inatembea vizuri. Ukweli ni kwamba Microsoft Office ya kusakinisha hutaipata huko, utatumia LibreOffice, programu ya bure ya kazi zilezile, na mwanzoni utasumbuka na mafaili yenye majedwali mengi, mi ilinichukua wiki kama tatu kuzoea. Chochote utakachochagua, fanya bekapu kwenye diski ya nje kabla hujafomati, tafadhali.

Ile laptopu yangu ya Windows 7 bado ninayo, inaendesha skana ambayo haina draiva mpya. Waifai nimeizima kabisa, imeili haipo, paswedi hata moja haipo, na flashi yoyote naiskani kwanza kwenye mashine nyingine ndo iingie pale.