Kusafiri na watoto wenye ndevu: yaliyotukuta Roma

Mara ya mwisho tulivyosafiri wote watano tulikuwa tunaenda Moshi kwa basi, Desemba, watoto watatu siti mbili maana kitinda mimba nilimpakata mpaka Korogwe mapaja yakafa ganzi, na hakuna aliyeulizwa anataka nini, nikisema shukeni mkojoe wanashuka. Julai 2025 tumekwenda Roma. Yule wa kupakatwa ana miaka 22 na ndevu zake, anasoma Uingereza, dada yao mkubwa anafanya kazi Dubai, wa katikati yupo hapa hapa Dar ila ana kwake na kumwona ni mpaka umpigie. Mi kichwani bado nilikuwa kwenye lile basi. Karibu kila kilichoharibika kilitokea hapo.

Kwanini Roma: ulikuwa Mwaka Mtakatifu, ile jubilei ya Kanisa Katoliki inayokuja kila baada ya miaka 25. Ule wa 2000 ulinipita nikiwa na wawili wadogo na mshahara wa kuungaunga, na wa 2050 nitakuwa na miaka 82, kwa hiyo nikamwambia Mzee, baba yao, safari hii siachi, nataka nipite Mlango Mtakatifu, ule wa kanisa unaofunguliwa jubilei tu, na watoto wangu wote nyuma yangu. Mzee akasema sawa ila waulize kwanza. Sikuwauliza, nikawatangazia kwenye grupu la WhatsApp, tunaenda mwezi wa 8, na nikashangaa kimya kile, tiki za bluu tupu.

Kumbe kila mmoja ana ya kwake. Dubai likizo inaombwa mapema na wenzake kazini walishagawana mwezi wa 8 wote. Wa Dar kazini kwao Agosti wana wakaguzi. Ila aliyetupangia tarehe hasa ni yule wa Uingereza, na hili naomba mlishike kama una mtoto anasoma nje: kuishi Uingereza hakumpi ruhusa ya kuingia Italia, bado anaomba viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, kama mimi na wewe, na anaiombea huko huko anakoishi, sio arudi kuombea Dar. Na kibali chake cha kukaa Uingereza wanataka kiwe bado hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya. Cha kwake kilikuwa kinaisha mwisho wa Oktoba. Hesabu mwenyewe, mwezi wa 8 wote ukafutika. Alafu wa katikati akagundua kuanzia tarehe 28 Julai mpaka 3 Agosti ilikuwa Jubilei ya Vijana, vijana wa dunia nzima wanamiminika Roma, vyumba vinapanda bei hadi huamini. Ndo tukaangukia tarehe 8 mpaka 18 Julai. Wiki tatu za kununiana zingeokolewa na swali moja tu mwanzoni, kila mtu ataje siku asizoweza.

Kwa hiyo familia moja, maombi ya viza sehemu tatu. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Pasi iwe na kurasa mbili tupu na uhai wa miezi 3 baada ya kurudi. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla, na mwisho kabisa siku 15 kabla, ila hizo siku 15 ni za kwenye karatasi, usizitegemee. Sisi wa Dar tulipata apointimenti bila shida kubwa, wa Dubai ndo alitutoa jasho, kule wageni wote wanakimbia joto kipindi hicho hicho wanaenda Ulaya na nafasi zinajaa, binti yangu alikuwa anaamka saa 11 alfajiri kuchungulia kama kuna aliyeghairi. Pasi yake ilirudi siku 5 kabla ya safari. Anzeni na mtoto mwenye foleni ndefu, nyie wengine mfuate tarehe zake, na tiketi msizilipie mpaka viza ya mwisho itoke, fanyeni bukingi tu ya kuonyesha. Na ile tabia ya kukopa milioni kadhaa kwa shemeji uzitupie kwenye akaunti wiki moja kabla ya kupeleka maombi, acheni, wale wanaangalia akaunti inavyopumua mwezi hadi mwezi, hela iliyodondoka jana wanaijua.

Sasa hela. Hapa ndo penyewe na ndo watu wanaona aibu kuongea. Watoto wakiwa wadogo unalipa wewe, yameisha. Wakiwa wakubwa kuna anayekuzidi kipato na kuna asiye na kitu, na kati yao kuna mambo ya zamani usiyoyajua. Binti wa Dubai alitaka alipie kila kitu, nikaona baraka, mpaka Mzee akaniambia akilipa yeye yote kuanzia hapo ndo atakuwa baba wa safari na wadogo zake watakuwa abiria. Aliona mbali. Tukakubaliana mimi na Mzee tunalipia nyumba, kila mwenye mshahara ajilipie viza na tiketi yake, ya kitinda mimba tukagawana sisi na dada yake bila kumtangazia kila dakika. Alafu kukawa na kapu, euro 250 kila mtu mzima mwenye kipato, za chakula cha pamoja na usafiri wa pamoja, na mshika kapu akawa wa katikati ambaye ni mbahili wa kuzaliwa. Mama usishike kapu! Ukishika utaanza kusema “hiyo aiskrimu euro 4 ni shilingi ngapi” mbele ya watu, na mimi nilisema, siku ya kwanza tu, na kapu sikuwa nalo.

Nyumba tulikodi apatimenti maeneo ya San Giovanni, vyumba vitatu, vyoo viwili. Vyoo viwili naviandika tena, vyoo viwili. Sita tulikuwa maana mchumba wa binti naye alikuja siku nne za katikati. Hilo nalo lilikuwa na kikao chake, posa tumepokea lakini ndoa bado, Mzee akasema kijana karibu sana, kitanda chako kipo chumba cha shemeji zako. Binti akacheka, kijana akashukuru, tukasonga mbele. Mambo kama haya yasemwe mkiwa bado kila mtu kwake, sio saa 5 usiku mna mabegi sebuleni. Angalieni pia kodi ya mji, inatozwa kwa kila kichwa kwa kila usiku na mara nyingi haimo kwenye bei mliyolipia, na kiyoyozi ulizeni kama kipo vyumba vyote, chetu kilikuwa sebuleni tu na Julai ya Roma sio mchezo.

Siku ya pili tukagombana. Mimi nilikuwa nimepanga makanisa makuu yote manne yenye Mlango Mtakatifu kwa siku moja, Mtakatifu Petro, Yohane wa Laterani, Maria Mkuu na Paulo Nje ya Kuta, nimeandika na masaa kabisa. Tulipofika la pili goti la Mzee limevimba, binti ana simu za kazini, na yule wa Uingereza akakaa chini kwenye kivuli akaniuliza, “Mama, hii ni likizo au ni mafungo?” Nikamjibu vibaya. Nilimjibu kama ana miaka 9. Akanyamaza, na unyamavu wa mtoto mkubwa sio kama wa mdogo, mdogo analala anasahau, mkubwa anaweza kubadili tiketi.

Usiku huo tukabadilisha utaratibu wote. Asubuhi jambo moja la pamoja, mwisho saa 6 mchana kabla jua halijachachamaa. Baada ya hapo kila mtu na miguu yake, anayetaka kulala alale, anayetaka Colosseum, ule uwanja wa kale, aende (tiketi zake zinaandikwa jina lako na zinatakiwa mapema, usifike mlangoni ukategemea bahati). Kukawa na siku mbili huru kabisa, vijana wakachukua treni ya haraka kwenda Napoli, saa moja na kidogo tu, wakarudi wanajisifia pizza. Sheria ikabaki moja, chakula cha usiku mezani pamoja, saa 2 usiku, ambayo kwa mwezi wa 7 kule ni kichekesho maana jua linazama karibu saa 3 kasoro, unasema “saa 2 usiku” na watu wamevaa miwani ya jua.

Na ona ajabu. Siku ya Mlango Mtakatifu wa Mtakatifu Petro niliwaambia anayetaka aje, sio lazima. Kujiandikisha kulikuwa bure kwenye intaneti, tukapewa muda, tukaanzia Piazza Pia tukatembea ile barabara ndefu inayoelekea kanisani, msalaba wa mbao umetangulia na watu wanapokezana kuubeba. Walikuja wote. Na aliyeubeba kipande kirefu kuliko wote ni yule yule wa mafungo. Sikumwangalia sana, nilijua nikimwangalia ataushusha.

Kosa jingine langu: nilishajitangazia parokiani kwamba nitamwona Papa Leo kwenye katekesi ya Jumatano. Mwezi wa 7 Papa huwa anapumzika na hizo Jumatano zinasimama! Tulikuta uwanja, viti na njiwa. Wa katikati ndo akatafuta akakuta yuko Castel Gandolfo, mji mdogo wa kilimani anakopumzikia, treni kutoka Termini, stesheni kuu ya Roma, haifiki saa nzima na nauli ni zaidi kidogo ya euro 2. Jumapili ya tarehe 13 tukaenda kusali naye Malaika wa Bwana saa 6 mchana, kwenye kiuwanja kidogo, tukamwona karibu kuliko ambavyo tungemwona Vatikani. Tiketi ya karatasi ya hizo treni za mkoa igongeni muhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda, kuna familia mbele yetu walipigwa faini wakiwa na tiketi halali mkononi.

Vidogo vidogo. Bebeni khanga, kila mwanamke ya kwake, makanisani hawataki mabega wala magoti wazi na nimeona wadada wananunua vishali vya bei ya ajabu mlangoni, mi najifunga doti langu napita. Roma ina mabomba ya maji ya kunywa mitaani, yanatiririka mchana na usiku, maji baridi, bure, chupa moja kila mtu inatosha. Kahawa inywe umesimama kaunta, ukikaa bei inapanda. Basi namba 64 kati ya Termini na Vatikani shikeni mabegi mbele. Na Mzee akitaka ugali siku ya nne, maana atataka, unga wa polenta upo kila supamaketi, ni wa mahindi ya njano na ni mkorofi kidogo kwenye sufuria lakini unashika, Mzee aliuangalia akasema “huu si ndo ule wa yanga wa miaka ya njaa?” akala sahani mbili.

La mwisho ni tiketi za kurudi, hili hakuna aliyeniambia. Kila mtoto alinunua iliyo rahisi kwake na hatukulinganisha. Mimi na Mzee na wa katikati tulikuwa tunaondoka usiku kupitia Addis, binti mchana, zote Fiumicino, ila kitinda mimba alinunua ile ya bei chee ya alfajiri, begi dogo la mgongoni, na uwanja tofauti, Ciampino. Nilipanga tuagane vizuri wote watano uwanja wa ndege, nilishafikiria mpaka picha. Badala yake teksi yake ilipiga honi saa 9 usiku, nikatoka na khanga ya kulalia mpaka mlangoni, akaniinamia, akasema Mama rudi ukalale, nikamfunga zipu ya begi iliyokuwa imeachwa wazi.