Ukienda kupimwa kibofu kwa ultrasaundi, usipitie chooni kwanza

Wengi wanaoingia kwenye chumba changu cha ultrasaundi huwa wametoka kukojoa muda huo huo. Nawaelewa; nani anataka kubonyezwa tumbo huku mkojo umembana? Lakini kibofu kitupu hujikunja, ukuta wake ukaonekana mnene, na uvimbe mdogo hujificha kwenye mikunjo hiyo. Hapo sina budi kukurudisha nje unywe maji na kusubiri, unune usinune. Kama daktari hajakupunguzia maji kwa ajili ya moyo au figo, kunywa mapema, kisha ubane.

Kibofu kikijaa, mkojo huonekana mweusi kwenye skrini, na uvimbe hujitokeza kama kinyama cha kijivu kilichoota ukutani. Jiwe halinisumbui: linang'aa na kuacha kivuli nyuma yake. Kinachosumbua ni damu iliyoganda, maana nayo ni ya kijivu. Basi nitakuomba ulalie ubavu. Damu huteleza kufuata upande wa chini. Uvimbe hubaki pale pale uliposhika. (Kuna bonge la damu hung'ang'ania ukutani, na hilo hutudanganya hata sisi wazoefu.) Kisha nawasha Dopla, kipimo cha mashine hiyo hiyo kinachoonyesha mwendo wa damu, nitazame kama ndani ya kitu hicho cha kijivu damu inatembea. Nikiiona, nashuku uvimbe zaidi. Nisipoiona, bado sijakuondolea shaka.

Majibu yakiandikwa "kibofu ni cha kawaida" na wewe uliona damu kwenye mkojo, usiyafungie kabatini. Uvimbe wa milimita chache hutupita kirahisi, na saratani bapa, ile iliyotandaa kwenye utando wa ndani, kwa kawaida hatuioni. Rudi kwa daktari, uliza kuhusu sistoskopi, yaani kamera ndogo inayopitishwa kwenye njia ya mkojo, hasa kama damu ilitoka bila maumivu au unavuta sigara. Damu kukoma yenyewe isikupe moyo. Uvimbe wa kibofu hutoa damu leo, ukatulia wiki kadhaa, ukaanza tena.

Na ukionekana uvimbe, usinikabe nikuambie ni saratani au siyo. Jibu hilo hutoka maabara, kwenye kipande kitakachokatwa, na hapo ndipo hujulikana pia kama umezama hadi kwenye misuli. Mimi dai kwangu ukubwa wake, upo ukuta gani, na kama figo zimevimba kwa mkojo kuzuiliwa. Ripoti isiyotaja figo, irudishe.