Mtangazaji wangu anashindwa kumjibu msikilizaji hewani, nimfundishe nini?

SWALI: Nasimamia redio ya jamii, watangazaji wetu ni wa kujitolea na wengi hawajasomea uandishi. Kila tukifungua simu kwenye kipindi cha afya lazima atokee mtu anayesema chanjo ya polio inafunga uzazi, na mtangazaji anaishia tu "asante kwa mchango wako". Bajeti ya kuleta wakufunzi hatuna. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia hapohapo kwenye simu. Semina nyingi zinakaza sana kufundisha aina za uzushi alafu mtu akirudi studio msikilizaji anapiga na yeye kimya, kwa hiyo kaeni wenyewe, mmoja ajifanye mpiga simu mwingine ashike maiki, rudieni mpaka jibu litoke bila kigugumizi na, hili nalisisitiza, bila kumdhalilisha aliyepiga, maana ukimcheka hewani wote wenye hofu kama yake wanazima redio.

Wafundishe kuuliza hofu imetoka wapi. Mwaka 2003 kaskazini mwa Nigeria uvumi huohuo wa uzazi ulifanya baadhi ya majimbo yasimamishe chanjo ya polio, na virusi vikasambaa mpaka nchi zilizokuwa zimeshavimaliza. Jimbo la Kano lilirudi kuchanja 2004 baada ya kupatikana chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Unaona hapo? Shida kubwa ilikuwa imani kwa anayeleta chanjo, kumsomea mtu takwimu tupu kusingetosha.

Halafu redio ina hatari yake, watu wanafungulia katikati ya kipindi. Ukitumia dakika kumi kueleza uzushi ndo uje kuukanusha mwishoni, kuna aliyesikia uzushi tu akazima akaenda kuwaambia jirani. Ukweli utangulie, uzushi utajwe mara moja kwa kifupi tena useme wazi ni uongo, kisha urudi kwenye ukweli, na kila baada ya wimbo urudie.

Daktari wa kituo cha afya cha karibu muombeni namba, mmpigie KABLA ya kipindi mumwambie aongee lugha ya nyumbani. Mkikwama hewani semeni "hilo tunalifuatilia, kesho saa hizihizi tutawajibu", na kesho mjibu kweli, saa ileile.