Kusukumwa kwa makusudi na uzembe wa mwenye nyumba ni madai mawili

Pole sana, ndugu yangu. Unauliza umdai nani: jirani aliyekusukuma mkigombana, au mwenye nyumba aliyeacha ngazi bila kishikio ukaanguka na kuvunjika mkono? Unaweza kuwadai wote wawili, ila ushahidi ni tofauti.

Kwa jirani, kiini ni kusudi. Huhitaji kuthibitisha kwamba alitaka uvunjike mkono. Yatosha kwamba alikusukuma kwa makusudi bila ridhaa yako. Akisema "sikujua ataumia hivyo", haimsaidii sana.

Kwa mwenye nyumba ni uzembe, na hapa ndipo wengi hukwama. Lazima uonyeshe alikuwa na wajibu wa kukulinda, hakuchukua tahadhari ambayo mtu makini angechukua, na kukosekana kwa kishikio ndiko kulikochangia kuumia kwako. Wajibu huo ulipanuliwa Uingereza mwaka 1932, katika kesi ya konokono aliyedaiwa kukutwa ndani ya chupa ya kinywaji: iliamuliwa kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji hata bila mkataba kati yao. Jiandae, mwenye nyumba atasema ungeanguka hata kama kishikio kingekuwepo. Atasema pia hukuwa mwangalifu, na hilo likikubalika fidia inaweza kupunguzwa.

Kwa hiyo piga picha ngazi leo, kabla hazijatengenezwa. Tunza vyeti vya hospitali na risiti zote, andika majina ya walioshuhudia, kisha umwone wakili mapema, maana madai haya yana ukomo wa muda.