Shangazi, mume wangu amenifichia pasipoti

*Shangazi, leo ni siku ya 12 tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula ili nipungue uzito. Harusi ya mdogo wangu ni wikiendi hii, na safari ya ndege ni ya mwendo wa saa 9. Daktari hana neno, ila mume wangu amenifichia pasipoti. Nahisi ana wivu kwa kuwa nimeanza kupungua. Nimebaki kunywa maji kwa vijiko na kulia. Wiki ijayo ndiyo kliniki yangu ya kwanza. Nifanyeje?*

Binti yangu, pole kwa kisu na pole kwa harusi. Sasa tuseme kweli. Ikiwa kliniki ya kwanza ni wiki ijayo, huyo daktari asiye na neno ulimwuliza lini? Nadhani ulimwuliza kama unaruhusiwa kutembea, ukajijibu mwenyewe kuhusu kuruka.

Kumfichia mtu mzima pasipoti yake si adabu, na mumeo akurudishie. Hata hivyo, kwa hofu yake niko upande wake. Siku hizi kila mume anayesema hapana huitwa mwenye wivu, na hakuna anayejiuliza kama hiyo hapana ina sababu. Ya mumeo inayo: upasuaji peke yake huongeza hatari ya damu kuganda miguuni kwa wiki kadhaa, kukaa kitini zaidi ya saa 4 huiongeza tena, na donge likibanduka likafika kwenye mapafu linaweza kuua. Ndiyo maana madaktari wengi wa upasuaji huu hutaka safari ndefu zisubiri wiki 4 hadi 6. Isitoshe, hewa ndani ya ndege huwa kama ya mlimani, mita 2,000 na zaidi, hivyo gesi ya tumboni hutanuka na kuusumbua mshono ambao bado ni mbichi.

Hebu rudi kwenye vijiko vyako. Mtu anayekunywa maji kwa kijiko, akikaa saa 9 katika hewa kavu ya ndege, atapungukiwa maji kabla hajafika, na damu nzito ndiyo huganda upesi. Na sanduku la zawadi utalinyanyua kwa tumbo lipi?

Harusi itazame kwenye simu. Daktari akikuruhusu baadaye, mwombe barua, kwa sababu utaihitaji kwa shirika la ndege na kwa wakaguzi iwapo utabeba sindano za kuzuia damu kuganda. Wala usiwafiche wahudumu kwamba umepasuliwa, maana mficha maradhi kilio humfichua. Chagua kiti cha kando ya njia, vaa soksi za kubana kama daktari amezikubali, simama utembee mara kwa mara, na ukiwa kitini zungusha vifundo vya miguu. Kunywa maji kwa mafunda madogo tangu unapoketi hadi unaposhuka, na soda yenye gesi, pombe na juisi tamu uziache kabisa. Dawa na chakula chako laini viwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.

Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukata, iwe angani au wiki mbili baada ya kutua, usiniandikie mimi: mwite mhudumu, au kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.