Niliitwa mara tatu

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Katika maamuzi makubwa ya maisha, unafuata akili au moyo?" Nimelisoma asubuhi nikiwa barazani hapa Magomeni, nikaliweka jarida pembeni, nikaenda kuchambua mchele, nikarudi. Kuolewa, kujenga, kuacha kazi, hayo wengine watayajibu vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa daktari wa magonjwa ya ndani katika jiji hili mpaka nilipostaafu 2017, na maamuzi yaliyonisumbua hayakuja yakiwa makubwa. Yalikuja saa saba usiku, umechoka, na uamuzi wenyewe ni kuinuka kitandani au kutoinuka. Kwa hiyo nitajibu swali lililo jirani na lenu: sauti ya ndani inapokuita, utajuaje kama ni mwongozo au ni wasiwasi tu?

Niseme mapema kwamba naiamini. Bibi yangu aliyenilea Kariakoo hakujua kusoma chochote zaidi ya Kurani, na alikuwa akisema moyo ukisita, na wewe sita. Akisita mlangoni safari imeahirishwa, hata kama nauli imeshalipwa. Nilikua nikiliona hilo jambo la kawaida kama kutia udhu. Kisha 1977 nikaingia Kitivo cha Tiba pale Muhimbili, wakati huo kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na miaka ile mitano ikanitoa huko. Siwalaumu walimu wangu. Walitufundisha kuuliza, kutazama, kupapasa, kugonga na kusikiliza, kwa mpangilio uleule kwa kila mgonjwa, na ndio walionifanya daktari. Lakini huwezi kusimama mbele ya profesa ukasema machale yamekucheza. Nikajifunza kunyamaza, halafu nikajifunza kutosikia. Sala nazo zikawa za kulipa, Magharibi na Isha kwa pamoja, mara nyingine hata hizo hazikulipwa.

Nililelewa upya na usiku mmoja wa mwaka 1997, wakati wa mvua za El Niño. Waliokuwepo wanazikumbuka. Bonde la Jangwani limejaa maji, Barabara ya Morogoro haipitiki, na daktari wa upasuaji wa zamu alikuwa nyumbani kwake ng'ambo ya maji. Hospitali sitaitaja. Wodini wagonjwa wamelala mzungu wa nne, na wengine wako chini kwenye mikeka, maji yakichuruzika kutoka dirishani. Saa nne usiku akaletwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, muuza maandazi, ameshikiliwa na shangazi yake. Walikuwa na cheti cha zahanati: malaria mbili. Kapewa klorokwini, anatapika, tumbo linamuuma, anasikia kizunguzungu.

Malaria mbili, mji umejaa maji na mbu. Nani angehangaika kutafuta kingine? Nikamwambia alale nimpime tumbo. Akalala, papo hapo akainuka.

"Dokta, nikilala bega linaniuma."

"Bega gani, mwanangu?"

"La kulia."

Nikalishika bega. Halina kitu. Nikamuuliza kuhusu siku zake za mwezi, na nilimuuliza huku shangazi kasimama pale pale, ameushika mfuko wa nguo. Msichana akamtazama shangazi kwanza, kisha akanijibu kwamba hajakosa. Nikaandika kwinini ya dripu, nikaenda chumba cha madaktari.

Nilivua viatu. Naweka mkazo hapo kwa sababu nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii. Vilikuwa viatu vyeusi vya kamba, vimelowa, nikavivua na soksi nikazitundika kwenye kiti. Nikajilaza. Haikupita nusu saa nikasikia: rudi. Siwezi kuwaeleza kwamba ilikuwa sauti ya sikioni, maana haikuwa. Ilikuwa kama pale mtu ametoka nyumbani akahisi ameacha jiko linawaka. Nikasoma "Audhu billahi", nikajiambia ni wasiwasi wa Ibilisi ananinyima usingizi, nikageukia ukutani.

Mara ya pili ilikuwa kama saa saba. Safari hii niliinuka nikafika mlangoni pekupeku. Sakafu ya korido ilikuwa na maji, baridi, na nilisimama pale nikiona uvivu wa kurudi kuvaa viatu. Muuguzi aliniona kwa mbali. Akasema, "Pumzika dokta, nitamwangalia." Hata hakuuliza nani. Nikarudi kulala. Katika maisha yangu yote hakuna hatua ninazozijutia kama zile tano au sita za kurudi kitandani.

Mara ya tatu sikuitwa na moyo, niliitwa na shangazi. Ilikuwa saa tisa na ushei. Nilimkuta msichana viganja vyake vimekuwa vyeupe, midomo imekauka, mapigo ya mkono yanakwenda mbio na membamba kama uzi. Presha haisomeki. Nikachoma sindano tumboni ikaja damu, damu isiyoganda, na hapo kila kitu kikawa wazi. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija, na mrija umepasuka. Wadudu wa malaria huenda walikuwepo kweli, lakini hawakuwa wao. Shangazi akakimbizwa maabara kupimwa damu ili amtolee, maana siku hizo damu ilitoka kwa ndugu au haikutoka kabisa. Daktari wa upasuaji alifika alfajiri, suruali imekunjwa hadi magotini, amevuka kwa miguu. Msichana alikuwa ameshafariki kwenye kitanda cha magurudumu, nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, mkono wake ukiwa kwangu.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa sheikh mmoja hapa Magomeni, mzee aliyemfahamu bibi yangu. Nilitaka anifundishe istikhara sawasawa, ili siku nyingine nijue. Akaniuliza nataka kumwomba Mungu anichagulie nini. Nikamwambia: kwenda kumwona mgonjwa au kutokwenda. Akatikisa kichwa. Istikhara, akasema, ni rakaa mbili na dua kwa jambo la halali ambalo unaweza kulifanya au kuliacha. Wajibu hauna istikhara. Mgonjwa ni amana yako, unakwenda. Tena wengi wetu mjini hapa huswali kisha tukangoja ndoto, na katika hadithi yenyewe ya istikhara ndoto haikutajwa. Halafu akanisomea ile ya Wabisa bin Ma'bad, aliyekwenda kwa Mtume kuuliza kuhusu wema na dhambi akaambiwa auulize moyo wake: wema ni kile ambacho nafsi imetulia nacho, na dhambi ni kile kinachokwaruza kifuani, hata kama watu wamekupa fatwa. Nikaona hicho ndicho kilichonitokea. Cheti cha zahanati kilinipa fatwa, na kifua kikawa kinakwaruza.

Wodini kwetu kulikuwa na mtawa muuguzi, naye akanielekeza kwa Eliya mlimani Horebu: upepo, tetemeko, moto, na Mungu hakuwemo humo, kisha ikaja sauti ndogo ya utulivu. Kwa miaka mingi nilitembea na haya mawili pamoja, na sala zangu zikarudi kwenye nyakati zake. Niliwafundisha vijana wengi kwamba moyo ukiwaita, waende.

Sasa hapa, Mhariri, ndipo kuandika kumenisumbua. Nimeandika neno "bega" huko juu na kalamu ikasimama. Damu ikimwagika tumboni hufika kwenye kile kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatoka shingoni, mahali pamoja na fahamu za bega. Ndiyo maana mgonjwa akilala chali bega linamuuma ilhali halina kasoro. Hilo nilifundishwa Muhimbili, ubaoni, na mwalimu alichora kwa chaki nyekundu. Nililijua miaka mingi kabla ya kumwona yule msichana. Kwa hiyo moyo wangu haukuwa na siri yoyote usiku ule. Ulikuwa umelishika somo ambalo akili, kwa uchovu, ililiachia.

Na nikiwa mkweli zaidi, moyo huohuo umenidanganya. Kuna mzee nilimpenda kwa kuwa alinikumbusha baba yangu. Alikuja na maumivu ya chembe ya moyo, nafsi yangu ikatulia tuli, nikasema ni vidonda vya tumbo. Siku mbili baadaye akarudi na shambulio la moyo. Alipona, kwa mikono ya wengine. Utulivu ule haukuwa mwongozo, ulikuwa mapenzi yangu. Na mara ngapi niliitwa usiku, nikaenda, nikamkuta mgonjwa anakoroma salama? Nyingi mno. Hizo sikuwahi kuzisimulia kwa vijana wangu.

Baadaye vipimo vya haraka vya malaria vilipoenea, tuliona ni wangapi hapa mjini tulikuwa tukiwatibu malaria wasiyokuwa nayo. Moyo wa nani uliwahi kutuambia hilo? Sikumbuki hata mmoja.

Basi mkinibana nichague, nachagua akili, jambo ambalo sikulitarajia nilipoanza barua hii. Lakini msiniandike upande wa wale wanaoucheka moyo. Naamini aliyeniita usiku ule ni Mungu, na naamini aliniita kwa kile nilichokuwa nimekisoma, maana sikuwa na kingine cha kuitiwa. Wala simshauri mtu asiyejua jambo afuate hisia zake juu ya jambo hilo. Na mwenye wasiwasi wa maradhi, yule anayesikia "rudi" mara mia kwa siku, haya yangu asiyachukue kabisa.

Binti wa mdogo wangu yuko mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo, hospitali moja ya mkoani. Wiki iliyopita alinipigia saa nane usiku, kwa sauti ya chini. "Mama mkubwa, shikamoo. Samahani nimekuamsha. Kuna mama nimemwandikia dawa, vipimo vyote vizuri, lakini machale yananicheza."

Sikumuuliza vipimo. Nilimuuliza kama amevaa viatu.