Sipro haifui dafu tena, mafua nayo hayakomi

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nauza dagaa Kibirizi, Kigoma. Zamani nikipata yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nanunua sipro (ile antibiotiki, ciprofloxacin) duka la dawa, siku mbili nimepona. Safari hii nimemaliza dozi, mkojo bado unachoma. Hata mafua nilikuwa natuliza kwa sipro hiyohiyo. Je, mwili wangu umeizoea dawa? Na mbona surua niliugua mara moja tu utotoni, mafua kila mwaka?

JIBU: Marahaba, mama. Mwili wako haujazoea chochote. Waliobadilika ni bakteria, na hao nawajua: nimestaafu kazi ya maabara hapa Tabora, na harufu ya bakteria E. koli unapofungua inkubeta, kabati la joto la kuwaoteshea, asubuhi haisahauliki.

Hao ndio wasababishi wakuu wa yutiai, na makazi yao ni utumbo mpana. Kwenye sahani yenye chakula hugawanyika kila dakika 20 hivi. Panda mmoja saa mbili usiku; saa kumi alfajiri wamepita milioni 16. Kunakili DNA mara zote hizo, makosa hayakosekani. Kosa moja laweza kubadili umbo la kimeng'enya, protini ya kazi ndani ya bakteria, kinachoshikwa na sipro, dawa ikakosa pa kushika. Wengine huisukuma nje kwa pampu. Wengine hupewa kipande cha DNA kiitwacho plazmidi na jirani, hata asiye wa jamii yao. Sipro haiwafundishi hayo. Inaua wenzao, wao wanabaki na nafasi.

Sasa yale mafua. Yanaletwa na virusi, na sipro haiviwezi virusi. Ilichofanya ni kufyeka bakteria wa utumboni waliokuwa hawana kosa. Nadhani bakteria wako sugu, wasiouawa na dawa, walianzia hapo, kibofu wakakivamia baadaye. Wauza dawa watanilaumu, shauri yao.

Virusi vya surua navyo hukosea vikijinakili, ila protini vinazoingilia kwenye seli zikibadilika sana, haviingii tena. Kwa hiyo sura yao haibadiliki sana, na kinga yako ya utotoni bado inavitambua. Mafua yana virusi vya aina zaidi ya 100, na ile influenza hubadilika kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani hupitia chanjo yake mara mbili kwa mwaka.

Usijaribu kidonge kingine. Nenda hospitali ya mkoa, uliza kama wanaotesha bakteria wa kwenye mkojo, ili ijulikane dawa ipi bado inawaua. Ukipata homa au maumivu ya ubavuni, au kama una mimba, muone daktari leo hii.